Risasi ya Betri Haiishii Kazini



Siku hizi betri kuukuu ni pesa. Betri za matatu na boda boda, na zile za sola ambazo zimeingia hata katika nyumba za udongo, zikifa hazitupwi tena. Kuna mnunuzi wa skrepu anayepita na mizani yake. Watu wengine wameona biashara hapo. Wananunua betri, wanazivunja kwa shoka nyuma ya nyumba na kuyeyusha madini yaliyomo ndani. Wengine huuza vipande, na wengine hutengeneza chubwi za nyavu za wavuvi. Mtaji ni mdogo na faida huonekana haraka.

Kabla kikundi chenu hakijaingia katika kazi hii, au kama tayari kuna mwanachama ambaye ameajiriwa mahali betri huvunjwa, someni makala hii pamoja. Inahusu afya ya mfanyakazi, lakini zaidi inahusu mtoto anayemngojea nyumbani.

RISASI NI MADINI YA NAMNA GANI?

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni madini ya kijivu yanayoitwa risasi. Ni madini yale yale yanayotengenezewa risasi za bunduki, na ndiyo maana jina ni moja. Ni mazito lakini laini, na huyeyuka upesi. Joto la nyuzi 327 latosha, na jiko la makaa linalopulizwa vizuri hufika hapo bila shida. Chuma cha kawaida hakiyeyuki kwa karai uani, lakini risasi huyeyuka. Urahisi huo ndio mtego.

Mwili wetu unahitaji madini fulani. Unahitaji chuma kwa ajili ya damu, na kalsiamu kwa ajili ya mifupa na meno. Risasi haina kazi yoyote mwilini, hata kidogo. Shida ni kwamba mwili hudanganyika. Huichukua risasi kana kwamba ni kalsiamu na kuiweka akiba mifupani. Katika damu hupungua baada ya wiki kadhaa ikiwa mtu ameacha kuipata, lakini ndani ya mifupa hukaa miaka mingi, hata 20 na zaidi.

INAINGIAJE MWILINI?

Kuna njia mbili kubwa.

1. Kwa pumzi. Risasi ikiyeyushwa hutoa moshi ambao mara nyingine hauonekani kwa macho. Betri ikivunjwa au ikikwanguliwa hutoa vumbi. Vyote viwili huingia hadi ndani ya mapafu, na kutoka hapo huingia katika damu.

2. Kwa mdomo. Vumbi hukaa mikononi, chini ya kucha, kwenye ndevu na kwenye sigara. Mtu akila mandazi bila kunawa, amekula na risasi.

Kupitia ngozi nzima, risasi ya betri hupenya kidogo sana. Watu wengi hununua glavu na kudhani wamejikinga. Glavu ni nzuri kwa sababu ya asidi, lakini hazizuii moshi wala vumbi. Asidi ikikumwagikia utaruka, maana inachoma papo hapo. Risasi haikuambii kitu. Haina harufu ya kukuonya, na siku ya kwanza huumwi popote.

DALILI ZAKE

Kwa mtu mzima, sumu hii huja pole pole. Kichwa huuma mara kwa mara. Tumbo hukata na choo hufunga. Mtu huchoka bila sababu, hukasirika upesi, husahau, na viungo humuuma. Damu hupungua na presha hupanda. Ikiendelea, figo huharibika, na mkono unaweza kulegea kwenye kiwiko cha kiganja hata mtu ashindwe kuuinua. Wanaume hupungukiwa na nguvu ya uzazi, na wanawake wajawazito wanaweza kupoteza mimba.

Ukisoma orodha hiyo utaona shida yake. Nyingi ya dalili hizi hufanana na malaria, homa ya matumbo au vidonda vya tumbo. Mgonjwa hupewa dawa za ugonjwa mwingine, hurudi kazini, na sumu huendelea kuongezeka. Basi shika jambo hili moja: ukienda zahanati, mwambie daktari unafanya kazi gani, hata kama hajauliza. Kipimo cha risasi katika damu hakifanywi pamoja na vipimo vya kawaida. Ni lazima kiombwe, na huenda ukahitaji barua ya kwenda hospitali kubwa.

KWA NINI MTOTO HUUMIA ZAIDI

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Hapa methali hii ni kweli neno kwa neno. Baba anatoka kazini na ovaroli yake. Mtoto anamkimbilia na kumkumbatia. Ovaroli inatundikwa karibu na kitanda, kisha mama anaifua pamoja na nguo za mtoto katika karai moja. Vumbi limehama kutoka kazini hadi nyumbani bila mtu kulibeba kwa mkono.

Mtoto mdogo hutambaa chini na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba risasi ikimezwa, mwili wa mtoto mdogo unaweza kuchukua mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Na ubongo wake bado unajengwa. Risasi huharibu ujenzi huo. Mtoto huchelewa kusema, hawezi kutulia, darasani anabaki nyuma na anachapwa kwa ujinga ambao si wake. Kiasi kikiwa kikubwa hupata degedege, hupoteza fahamu na anaweza kufa. Shirika hilo linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Tangu 2021 linashauri kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi katika desilita moja ya damu, ni lazima chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Kuna jambo lingine kwa akina mama na wasichana. Wakati wa ujauzito na kunyonyesha, mwili hutoa kalsiamu mifupani ili kumjenga mtoto. Risasi iliyowekwa huko miaka iliyopita hutoka nayo na kumfikia mtoto. Yaani msichana anayevunja betri leo anaweza kumpa sumu mtoto atakayemzaa baadaye. Hii si sababu ya mama kuacha kunyonyesha kwa hofu. Aende kliniki, aeleze kazi yake, apimwe na kushauriwa.

YALIYOTOKEA KWA WENZETU

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Watu wapatao 3,000 waliishi hapo, na vijana wengi walifurahia kuajiriwa. Mwaka 2009 mama mmoja, Phyllis Omido, alipata kazi ya ofisini hapo. Mtoto wake mchanga akaugua. Alitibiwa kwa magonjwa mengine, na mwishowe damu yake ikapimwa na kukutwa na risasi. Mama huyo aliacha kazi, akawaunganisha majirani, wakaandamana na kuandika barua nyingi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 Bi. Omido alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Wanakijiji walikwenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabuni wenyewe miaka hiyo. Haki ilichelewa kuliko utoto wa watoto wale.

Mfano wa pili unatoka Senegal, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer huko Dakar. Hapo hapakuwa na kiwanda kikubwa. Watu wa kawaida walivunja betri mitaani kwa miaka mingi. Bei ya risasi ilipopanda, wakazi walianza kuchota mchanga wa mahali pale kwa magunia, wakaupeleka nyumbani na kuuchekecha ili kupata vipande vya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Ndugu zao na mama zao walipopimwa damu, nao walikutwa na sumu hiyo. Mchanga uliokaa miaka ulikuwa bado unaua.

MANENO YANAYOSEMWA KATIKA VIKUNDI

"Mimi nimefanya hii kazi miaka kumi na sijafa." Huenda ni kweli. Lakini je, presha yako umepima? Watoto wako wanaendeleaje shuleni? Risasi haiui kila mtu. Wengi huwapunguza tu.

"Ukinywa maziwa baada ya kazi, sumu inatoka." Hapana. Maziwa, omena, maharagwe na mboga za kienyeji ni chakula bora, na mwili wenye chuma na kalsiamu ya kutosha huchukua risasi kidogo zaidi. Lakini hakuna maziwa wala chai ya mitishamba inayotoa risasi iliyokwisha kuingia. Zipo dawa za hospitali kwa waliozidiwa, na daktari ndiye huamua. Hata hizo hazifai ikiwa mgonjwa atarudi katika vumbi lile lile.

"Tukiacha hii kazi tutakula nini?" Hili ndilo swali la kweli, na silibezi. Njaa nayo ni ugonjwa. Ndiyo sababu hatusemi tu "acheni". Tunasema fanyeni sehemu ya kazi isiyo na sumu.

TUFANYE NINI?

Kwa kikundi:

1. Msivunje wala kuyeyusha betri, hata moja. Faida yenu iwe katika kukusanya betri nzima na kuziuza kwa wingi kwa mnunuzi mwenye leseni ya NEMA. Mwombeni awaonyeshe leseni.

2. Msimwage asidi chini. Ina risasi ndani yake, na udongo hauisahau.

3. Wekeni betri zikiwa zimesimama wima, chini ya paa, mbali na jikoni, kisima na watoto. Yenye ufa iwekwe ndani ya ndoo ya plastiki.

4. Wavuvi watumie vizito vya mawe au udongo wa kuchoma, au wanunue chubwi zilizo tayari. Karai au sufuria iliyoyeyushia risasi isipikiwe tena.

5. Palipowahi kuvunjwa betri pasiwe uwanja wa watoto kuchezea wala shamba la mboga. Mchanga wake usichukuliwe kujengea.

Kwa aliyeajiriwa katika kazi ya risasi:

1. Nguo za kazi zibaki kazini. Oga na kubadilisha nguo na viatu kabla ya kumshika mtoto. Ikibidi kufua nyumbani, zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe bustanini.

2. Usile wala kuvuta sigara mahali pa kazi. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka.

3. Usifagie pakavu. Nyunyiza maji kwanza au panguza kwa kitambaa kibichi. Leso iliyofungwa puani haizuii moshi wa risasi. Panahitajika barakoa maalumu.

4. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, na asikukate mshahara kwa ajili yake. Sheria ya mwaka huo huo ya fidia inahusu pia magonjwa yanayosababishwa na kazi. Basi tunza kila karatasi: barua ya kazi, vyeti vya hospitali na majibu ya maabara. Bila karatasi ni vigumu kudai.

Kwa kijiji kizima: Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kiwanda kikitaka kujengwa kwenu, ni lazima athari zake zichunguzwe kwanza, na wananchi wana nafasi ya kutoa maoni. Msingoje kuitwa. Nendeni mkaulize, na andikeni majina ya waliohudhuria.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nani wanaoshika betri kuukuu? Wanazivunjia wapi, na watoto wao huchezea wapi?

2. Nguo za kazi hufuliwa na nani, na maji huenda wapi?

3. Tukihesabu faida ya kuvunja betri, je, tumeandika pia gharama ya hospitali na karo ya mtoto anayerudia darasa?

4. Mkutano ujao, ni nani kati yetu atakwenda kliniki kuuliza mahali ambapo kipimo cha risasi hupatikana? Andikeni jina lake leo, na tarehe atakayoleta majibu.