Mtoto Avae Jezi ya Nani?
Jamani, ndoa ikiwa ya Simba na Yanga, mtoto avae jezi ya nani? Kwetu Kilwa Masoko, Yanga, timu ya tangu 1935, hurithiwa kama jina la ukoo: babu alimpa baba wakiwa kwenye redio, baba akanipa mimi. Halafu nikaolewa na Simba damu! "Mtoto hufuata kwa baba," anadai mume wangu. Novemba 2023, Yanga iliposhinda 5-1, bwana alilala bila kula. Nikameza vigelegele vyangu. Mwenzangu, siku hiyo usimtanie mtu. Dabi nyingine itakuja. Mtoto mwenyewe, miaka saba, kachagua Namungo ya Ruangwa, timu ya mkoani kwetu iliyopanda Ligi Kuu 2019. Babu bado hajaambiwa.