Hesabu Kwanza, Chombo Baadaye: Somo Kutoka Mkwiro

Ndugu mkulima, mahindi yakianza kukauka shambani, katika kila nyumba huulizwa swali hili: mwaka huu tutahitaji magunia mangapi? Wengi wetu hujibu kwa kwenda dukani. Tunanunua matano kwa kuwa fedha iliyo mfukoni ni ya matano, au ishirini kwa kuwa jirani amenunua ishirini. Baadaye mahindi yanamwagwa sakafuni kwa kukosa gunia, au magunia mapya yanaliwa na panya yakiwa matupu. Hasara ni hasara, kwa upungufu au kwa wingi.

Yafaa tutazame watu ambao mahali pao hapawaruhusu kubahatisha. Mkwiro ni kijiji cha wavuvi, upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, kuvuka bahari kutoka Shimoni. Kisiwa ni cha mawe ya matumbawe. Hakina mto wala chemchemi. Kwa miaka mingi watu wa huko walikinga maji ya mvua katika majabia, na yalipopungua waliyavusha kutoka bara kwa mashua. Vyakula vingi pia huvuka kwa njia hiyo. Kwa hiyo mwenye nyumba kisiwani hakuweza kuuliza kwanza, "Nina mapipa mangapi?" Ilimbidi aulize, "Tuko watu wangapi, na maji haya yatatufikisha siku gani?"

Wewe uliye katika skimu ya makazi, Shimba Hills au kwingineko, una shamba na pengine una kisima. Lakini hesabu ni ile ile. Ina maswali matatu. Vinywa vingapi? Kila kinywa hutumia kiasi gani kwa siku? Siku ngapi zitapita kabla ya kujaza tena? Zidisha majibu hayo matatu, kisha ugawe kwa kiasi kinachoshikwa na chombo kimoja. Kikibaki kipande, kihesabu kuwa chombo kizima, kwani hakuna nusu pipa dukani.

Chukua kalamu, tuanze na maji. Nyumba ina watu 7. Tuseme kila mtu apata lita 10 kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa tu. Kufua na kunywesha mifugo hakumo. Hizo ni lita 70 kwa siku. Ikiwa maji hupatikana karibu nawe mara moja kwa juma, zidisha kwa 7, upate lita 490. Pipa la kawaida hushika lita 210, basi mapipa 3 yanatosha, na kidogo kinabaki.

Lakini ukitaka kuvuka kiangazi cha kaskazi, tangu mwisho wa vuli hadi masika, siku 90, hesabu inabadilika. Lita 70 mara siku 90 ni lita 6,300. Hayo ni mapipa 30! Hapo kalamu imekuonya kabla ya fedha kutoka: usinunue mapipa, jenga jabia au tafuta tangi. Shimo la mita 1 kila upande hushika lita 1,000. Jabia la mita 2 kwa mita 2, lenye kina cha maji cha mita 1 na sentimita 60, hushika lita 6,400.

Kisha pima paa lako, maana jabia lisilojaa ni shimo tu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita 1. Paa la bati la mita 8 kwa 6 lina mita za mraba 48. Tukitoa sehemu 2 kati ya 10 kwa maji yanayomwagika, kila milimita inakupa lita 38 hivi. Mvua ya milimita 170 yatosha kulijaza jabia hilo.

Sasa mahindi. Kwa kadirio linalotumiwa sana Kenya, mtu mmoja hula kama gunia moja la kilo 90 kwa mwaka. Watoto wadogo hula pungufu, lakini wageni nao wana vinywa. Watu 7, magunia 7. Ongeza 1 kwa ajili ya harusi, matanga na mwaka ambao mavuno yatachelewa. Jumla ni magunia 8 ya chakula cha nyumbani. Yaliyozidi hayo ndiyo ya kuuza, na magunia yake uyahesabu mbali.

Kwa nini tujisumbue hivyo? Kwa sababu ya dumuzi, ambaye wengi sasa humwita Osama. Mdudu huyu alionekana Kenya mara ya kwanza huko Taveta mwaka 1983, baada ya kuingia Tanzania. Hutoboa punje hata zikageuka unga. Njia moja nzuri ya kumshinda ni gunia lenye mfuko wa ndani usiopitisha hewa. Akikosa hewa hufa. Lakini mfuko huo hufanya kazi ukijaa, ukibonywa hewa itoke, na ukifungwa imara. Gunia lililojaa nusu lina nafasi kubwa ya hewa, na hewa hiyo ni uhai wa dumuzi. Ndiyo sababu idadi yapasa iwe sawa.

Usifungue magunia mawili kwa wakati mmoja. Tenga debe moja lenye kifuniko kwa matumizi ya kila siku. Gunia la kilo 90 lina madebe 6 hivi, na nyumba ya watu 7 itamaliza debe moja kwa siku 9 hivi. Toa debe, bonya hewa, funga tena papo hapo.

Kabla ya kufunga, hakikisha mahindi ni makavu. Tia punje kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha acha kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Mahindi mabichi huota kuvu, na kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa.

Kunde na mbegu zitengewe vyombo vyake vidogo. Jerikeni safi la lita 20, kavu, lililojazwa hadi mdomoni na kufungwa barabara, huhifadhi kunde vizuri. Jerikeni lililowahi kutiwa dawa ya shamba lisitiwe chakula kamwe, hata likioshwa mara kumi.

Mwisho, pima nafasi. Tandaza gunia tupu sakafuni uone ni mangapi yataenea, ukiacha dhiraa moja kutoka ukutani. Yakae juu ya mbao, yasiguse udongo.

Wazee husema akiba haiozi. Ni kweli, ikiwa ina chombo kinachoitosha. Basi kabla ya mavuno keti na mwenzako wa nyumbani, maana yule apimaye unga kila jioni ndiye ajuaye zaidi. Andikeni idadi ya watu, siku, na kiasi; mgawanye; kisha hesabuni vyombo vizima mlivyo navyo. Kinachopungua ndicho cha kununua. Pelekeni karatasi hiyo dukani, na msinunue zaidi ya ilivyoandikwa.