Milango ya Choo Inayogusa Sakafu

Niliifungua habari ya Facebook kuinunua WhatsApp kwa ajili ya fedha: dola bilioni 19, Februari 2014, kwa kampuni yenye wafanyakazi wapatao 55. Nikanaswa na milango ya choo.

Vyoo vingi vya maofisini Marekani milango yake huishia juu ya sakafu. Ukiinama unaona viatu vya mwenzako. WhatsApp walipohamia makao makuu ya Facebook, Menlo Park, gazeti la The Wall Street Journal liliandika kwamba milango ya vyoo vyao ilifika hadi sakafuni. Meza zao zilikuwa kubwa kuliko za wenyeji. Vyumba vyao vya mikutano wengine hawakuruhusiwa kuvitumia. Ukutani walibandika karatasi zinazowaomba wapita njia wapunguze kelele. Wenyeji wakanuna, na baadhi yao wakawa wanakejeli kwa kibwagizo: karibuni WhatsApp, nyamazeni!

Mimi nilitabasamu, kisha nikawaonea huruma watu wa WhatsApp. Hawa ndio waliokamilisha, Aprili 2016, kuufumba ujumbe wa watu zaidi ya bilioni moja hata kampuni yenyewe isiweze kuusoma. Kufunga mlango ndiyo iliyokuwa kazi yao.

Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la Facebook ni matangazo ya biashara. Brian Acton, aliyeianzisha WhatsApp pamoja na Jan Koum, hakutaka kulishika. Mwaka 2018 aliliambia jarida la Forbes kwamba alipendekeza mtumiaji apewe ujumbe mwingi wa bure, akipitiliza atozwe senti kidogo. Sheryl Sandberg, aliyekuwa kigogo wa Facebook, alimjibu kuwa mpango huo hautakua. Acton akamwambia anachomaanisha ni kwamba hautaleta fedha nyingi kama matangazo.

Aliondoka Septemba 2017, akaacha hisa za takriban dola milioni 850 ambazo muda wake wa kuzipokea ulikuwa haujatimia. Hata hivyo hajitangazi kuwa shujaa. Alisema wazi kwamba aliuza faragha ya watumiaji wake, na kwamba anaishi na uamuzi huo kila siku.

Koum naye alitoka mwaka uliofuata. Wote wawili walikuwa mabilionea, walimudu kuondoka. Je, yule mfanyakazi wa meza ya pembeni, mwenye kodi ya nyumba ya kulipa, alinung'unikia wapi? Nyuma ya ule mlango unaogusa sakafu?