Usingizi wa sindano wahitaji mlinzi

Wahenga walinena kwamba usingizi ni nduguye mauti. Kauli hiyo yaafiki mno dawa moja nyeupe mfano wa maziwa, iitwayo propofoli. Mgonjwa hudungwa mshipani, na aghalabu kabla ya dakika moja kutimia huwa amekwisha kulala. Tabibu humchunguza tumbo kwa mpira wenye kamera, au humrudishia bega lililoteguka, na dakika chache baada ya dawa kukatizwa mgonjwa huamka akiuliza kazi itaanza lini.

Dawa hii iligunduliwa na daktari wa mifugo, John Glen, alipokuwa akiifanyia kazi kampuni ya ICI nchini Uingereza. Ilianza kutumika huko mwaka wa 1986, na mwaka wa 2018 mvumbuzi huyo akatunukiwa tuzo ya Lasker. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, nashikilia kwamba usalama wa propofoli haumo chupani, bali umo machoni mwa yule anayemlinda mgonjwa.

Nieleze sababu. Kipimo cha kumtuliza mgonjwa na kile cha kumkatiza pumzi vimekaribiana mno, na kinachomtosha kijana barobaro chaweza kumdhuru mzee. Dawa hii hushusha shinikizo la damu na huweza kusimamisha upumuaji kimyakimya. Tena haina dawa ya kuitangua, kama naloksoni inavyoitangua mofini. Ikizidi, hapana budi kumpumulishia mgonjwa na kuutegemeza moyo wake hadi nguvu zake ziishe. Ndiyo maana maelezo rasmi ya dawa hii nchini Marekani yanaagiza kwamba anayeitoa awe amefunzwa kazi ya nusukaputi, na asiwe ndiye anayemfanyia mgonjwa upasuaji au uchunguzi wenyewe.

Ulimwengu ulilishuhudia jambo hili tarehe 25 Juni 2009, mwanamuziki Michael Jackson alipofariki mjini Los Angeles. Alikuwa akipewa propofoli nyumbani ili apate usingizi wa usiku, kazi ambayo dawa hiyo haikukusudiwa. Mahakamani ilielezwa kwamba daktari wake, Conrad Murray, hakuwa na vifaa vya kutosha vya kumwangalia, na kwamba alitoka chumbani akamwacha. Mwaka wa 2011 alipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia.

Wako watakaosema kuwa haya ni masharti ya matajiri, maadamu wataalamu wa nusukaputi ni haba kwetu. Nawajibu kwamba uhaba haubadilishi tabia ya dawa. Pasipo mlinzi, itumiwe ganzi inapofaa, au mgonjwa apelekwe penye mlinzi. Wala kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni kisidhaniwe kuwa kinatosha. Mgonjwa anayepewa oksijeni aweza kuacha kupumua, na ile tarakimu ikaendelea kupendeza kwa muda. Kwa hiyo pana kifaa kingine cha kupima hewakaa katika kila pumzi itokayo, na pana haja ya jicho la kutazama kifua kikipanda na kushuka.

Usafi nao ni sehemu ya ulinzi. Propofoli huchanganywa na mafuta ya soya, chakula kizuri cha vijidudu. Mwaka wa 2008, mjini Las Vegas, maelfu ya watu waliitwa wapimwe homa ya ini baada ya kubainika kwamba kliniki moja ilitumia chupa za mtu mmoja kwa wagonjwa kadhaa, huku mabomba ya sindano yaliyokwisha kutumika yakirudishwa ndani ya chupa hizo.

Walimu wa sayansi na wanafunzi wa uuguzi wana nafasi njema ya kuieneza elimu hii. Kila mgonjwa au jamaa yake afunzwe kuuliza mapema: Ni nani atakayelinda pumzi yangu na asifanye kazi nyingine? Je, oksijeni na mfuko wa kupumulishia viko karibu? Nikae saa ngapi bila kula? Kwa kawaida ni saa 6 kwa chakula chepesi na saa 2 kwa maji, kwani kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kuuliza si utovu wa adabu, na tabibu aijuaye kazi yake atajibu pasi na kinyongo.