Swichi Kati ya Transmita Mbili: Upimaji katika Vituo vya Loran-C

Katika mfumo wa Loran-C, ambao Kikosi cha Walinzi wa Pwani cha Marekani kiliuendesha hadi mwaka 2010, meli na ndege zilijua mahali zilipo kwa kulinganisha nyakati ambazo mapigo ya redio, yaani mafungu mafupi ya mawimbi ya kilohezi 100, yaliwasili kutoka vituo vya mbali. Kwa kuwa wimbi la redio husafiri takriban mita 300 katika mikrosekunde moja, ambayo ni sehemu ya milioni ya sekunde, pigo lililochelewa kidogo liliweza kumpotosha nahodha bila yeye kuhisi lolote.

Kwa kawaida kituo kilikuwa na transmita mbili, moja kazini na nyingine ya akiba, zote zikitumia antena moja, na kati yake palikuwa na swichi ya kuitenga iliyoharibika na kuiunganisha nzima. Kazi hiyo ni rahisi kuieleza, lakini kifaa kisichoguswa mara kwa mara huficha ubovu wake hadi siku kinapohitajika, na hapo ndipo upimaji ulipopata umuhimu wake.

Transmita ya akiba iliunganishwa kwanza na antena bandia, yaani sakiti ya koili, kapasita na rezista inayoiga tabia ya umeme ya antena halisi pasipo kurusha mawimbi angani. Kisha mafundi waliigiza hitilafu na kufuatilia mpangilio wa hatua: mapigo yasimame kwanza, ndipo swichi isogee, ndipo mapigo yarejee. Mpangilio huo ukivurugika, viunganishi huachana huku mkondo wa mamia ya ampea ukiendelea kupita, na cheche zinazozuka huviunguza.

Hata hivyo, swichi iliyosogea vizuri haikuwa imefaulu bado. Pigo la Loran-C hupanda hadi kilele kwa mikrosekunde 65, lakini kipokezi husoma wakati kwenye mikrosekunde ya 30, mwishoni mwa mzunguko wa tatu wa wimbi, kabla ya wimbi lililoakisiwa na tabaka la juu la angahewa kufika na kulichafua lile lililopita ardhini. Umbo la pigo likibadilika baada ya kubadilisha transmita, kipokezi kinaweza kushika mzunguko wa jirani, na kwa kuwa kila mzunguko huchukua mikrosekunde 10, kosa hilo hulingana na kilomita 3 za safari ya wimbi. Ndiyo maana mapigo ya transmita zote mbili yalilinganishwa kwenye osiloskopu, na jambo hili, kuliko cheche, ndilo lililostahili kumtia fundi wasiwasi, kwa kuwa cheche angalau huonekana.

Kwenye antena halisi, uamuzi ulikuwa wa vipokezi vya uangalizi vilivyowekwa mbali na kituo. Vilipoonyesha tofauti isiyokubalika, mapigo mawili ya kwanza ya kituo kisicho kiongozi wa mnyororo wake, yaani kundi la vituo vinavyofanya kazi pamoja, yalizimwa na kuwashwa kwa utaratibu maalumu, ishara iliyowaarifu watumiaji kwamba kituo hicho kisitegemewe kwa wakati huo.