Je, Wajua? Mbwa Mmoja, Watoto 24

Je, wajua kwamba mwaka 2004 nchini Uingereza, mbwa jike aitwaye Tia, wa aina ya Neapolitan Mastiff, alipata watoto 24 kwa uzao mmoja?

Ukubwa wa mwili wa mama huchangia sana idadi ya watoto. Chihuahua mdogo kwa kawaida huzaa mtoto mmoja hadi wanne. Mbwa wakubwa huzaa wanane au zaidi. Umri, lishe na siku ya kupandwa navyo vina nafasi yake.

Watoto huzaliwa macho na masikio yakiwa yamefungwa, wakitafuta chuchu kwa kupapasa kwa pua. Hawawezi kujipasha joto, hivyo hulaliana ubavuni mwa mama. Maziwa ya dang'a ya siku ya kwanza huwapa kinga.

Anayenyonya vizuri hufikisha uzito maradufu ndani ya siku 10 hivi.