Acheni kuikausha klachi ya pikipiki

Swali ni lile lile, anabadilika muulizaji tu: "Fundi, klachi ya bodaboda yangu inateleza. Wameifungua wakakuta pleti zimelowa oili. Nibadilishe sili ipi ili oili isiingie?"

Hakuna sili ya kubadilisha. Pleti hizo zinatakiwa zilowe. Klachi ya Boxer, ya TVS HLX na ya nyingine nyingi za kazi hiyo inazunguka ndani ya oili ile ile inayolainisha pistoni na gia, na oili hiyo ndiyo inayoondoa joto lake. Aliyejifunzia ufundi kwenye Hiace ana haki ya kushtuka, maana kule klachi ni kavu na oili ikiifikia ni msiba. Huku, kuilaumu oili kwa kulowesha pleti ni sawa na kumlaumu samaki kwa kulowa.

Kutoelewa hilo ndiko kulikozaa tiba inayotolewa kila kijiweni: pleti zinatolewa, zinaoshwa kwa petroli, zinapigwa msasa, zinaanikwa juani juu ya kipande cha boksi, kisha zinarudishwa zikiwa kavu kabisa. Pikipiki inavuta, fundi anasifiwa. Siku chache baadaye inateleza kuliko mwanzo, na mwenye chombo ananiuliza habari za sili.

Mbona ilivuta? Kwa kawaida huwezi kufungua kifuniko cha klachi bila kumwaga oili na kulegeza waya wa klachi. Wakati wa kufunga, fundi akaweka oili mpya na waya akaurekebisha upya. Pengine hayo mawili ndiyo tu yaliyohitajika tangu asubuhi, petroli ikabeba sifa isiyo yake. Msasa nao hukwangua ule mng'ao wa kuungua, kwa hiyo pleti hushika kwa muda. Lakini pigeni hesabu: pleti mpya ya msuguano kwenye pikipiki ndogo ina unene wa karibu milimita 3, na ikipungua kama milimita 0.4 imekwisha. Msasa unakula humo humo. Pleti zikikonda, springi hazizibani tena sawasawa, na mtelezo unarudi pale pale.

Kuzirudisha kavu ni balaa la pili, kwani zinasuguana bila oili dakika za mwanzo na kuungua. Hata pleti mpya za dukani hulowekwa kwanza kwenye oili safi ya injini. Hulowekwa, narudia!

Oili inaweza kweli kuwa mkosaji, ila kwa aina yake. Oili nyepesi za magari, kama 5W-30 yenye alama ya kuokoa mafuta, hutiwa kemikali za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ndiyo maana Wajapani walileta kiwango cha JASO T903 mwaka 1998. Geuza chupa, tafuta JASO MA au MA2. MB ni ya skuta zenye klachi kavu, iache. Oili ya gari ya 20W-50 mara nyingi haina kemikali hizo, lakini bila maandishi ya JASO hakuna aliyekuhakikishia. Na vile vichupa vya kuongezea "kulainisha injini" wauzieni wenye magari.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa moto, barabara tambarare, gia ya juu, fungua mafuta kwa nguvu: mlio ukipanda na mwendo ukabaki, inateleza. Anza na waya. Ncha ya mkono wa klachi icheze milimita 10 hadi 20 kabla ya kukaza. Inacheza na bado inateleza? Badilisha oili. Bado? Sasa fungua: pima pleti kwa kalipa, linganisha urefu wa springi, laza pleti za chuma juu ya kioo uone zilizopinda. Zilizogeuka bluu tupa. Springi nunua seti nzima. Kama shida ni kinyume, umebana klachi na pikipiki inasogea au nyutro haipatikani, basi waya umelegea mno, pleti za chuma zimepinda, au vidole vya kikapu cha klachi vimechimbika pale pleti zinapogonga. Na gasketi ya kifuniko uwe nayo mkononi kabla hujagusa bolti ya kwanza.